Namba za Injini ya Baba

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, limeshika kutu ukingoni, na nilipolifungua lilitoa harufu ya dizeli. Baba alikuwa amezikwa wiki tatu kabla. Kaka zangu walinipa kazi ya kutafuta karatasi za gari, kwa kuwa mnunuzi wa kutoka Mwanza alikuwa njiani, na kwa kuwa nyumbani kila mtu anajua mimi ndiye niliyekuwa karani wa lile gari tangu nikiwa darasa la nne. Nilidhani najua nitakachokuta. Nilikuta karatasi mbili ninazozijua, na ya tatu ambayo sikuwahi kuiona.

Gari lenyewe ni Landrova ya zamani, ile ndefu, yenye taa mbili zilizosogea karibu na pua. Ninyi wa rika langu mliokulia upande wa Ushetu mtaikumbuka, maana ilibeba wagonjwa wenu, tumbaku yenu na maharusi wenu. Baba aliipata kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao, akatoa ng'ombe. Mama alisema ng'ombe wale walikuwa na akili kuliko gari. Baba alikuwa tayari amefungua boneti.

Baba alikuwa na maoni kuhusu kila gari lililopita barabarani, na aliyatoa bila kuombwa. Alikaa kando ya bani la kukaushia tumbaku, mgongo kwa barabara, akasikiliza. "Hiyo ni pikapu ya Toyota," angesema, "lakini injini si yake. Wameitia ya lori. Sikiliza chesesi inavyolalamika." Tukigeuka tungeiona pikapu kweli, imeinamia mbele kama mtu aliyebeba mtungi vibaya. Kwake, injini na giaboksi vilitoka kiwandani vikijuana nguvu. Ukileta injini kubwa kwenye giaboksi ndogo, alisema, siku moja kwenye mlima wa tope meno yatabaki barabarani na wewe utabaki na usukani. Injini ya petroli kwenye gari la shamba aliiona upuuzi. Turbo aliidharau kabisa. Mwenye haraka, alisema, anunue pikipiki. Gari lililobadilishwa injini halikuwa gari kwake, hata kama linakwenda, na mwenye gari hilo alimsalimia kwa nusu ya sauti.

Pamoja na mapenzi hayo alikuwa na wasiwasi ambao sijui ulianza lini. Hakumwamini fundi yeyote duniani. Na si kwamba aliota tu. Wachimbaji wa Rwamgasa walikuwa wanatafuta injini za dizeli za zamani, zile zisizo na nyaya nyingi, za kuzungushia makarasha, mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Kwetu gari bovu halikuozea uani, lilichunwa. Kila mtu alikuwa na ndugu wa rafiki aliyepeleka gari gereji likiwa na injini nzima akarudishiwa gari lile lile likiwa na injini ya marehemu. Baba alizisimulia hadithi hizo wakati wa chakula cha mchana, tukanawa mikono tukiwa tumeshawachukia mafundi wote.

Kwa hiyo alikuwa na utaratibu. Gari halikwenda kwa fundi kabla ya kuchukua namba. Unaweka karatasi juu ya namba iliyo kwenye chuma, unasugua penseli ubapa, namba inajitokeza. Kadi ya gari ingetosha, lakini mchwa walikuwa wameila, na pembe iliyokuwa na namba ya injini ndiyo waliyoanza nayo. Macho ya Baba ya karibu yalikuwa yamekwisha. Hivyo kazi ikawa yangu. Aliniita mayu, kama wazee wa Kisukuma wanavyowaita mabinti wanaowapenda, yaani mama.

"Mayu, wewe ndiye jicho langu. Jicho halikosei."

Niliringa. Kaka zangu wawili walichunga. Mimi nilisugua namba.

Fundi Kulwa alipohamia kijijini kwetu, alifungua gereji chini ya bati kando ya ghala la pamba. Alikuwa mpole, na baada ya kazi alinawa mikono hadi kwenye viwiko, jambo ambalo Baba alilitilia shaka. Mtu anayenawa vile, alisema, anaficha kitu. Binti yake Nyanzobe alikaa dawati moja na mimi, na tulikula muwa mmoja, kila mtu upande wake, mpaka meno yakutane. Siku moja Kulwa alifanya kosa la kumpa Baba ushauri.

"Mzee, hii Landrova nikutilie injini ya Toyota. Utasahau shida zote."

"Shida zangu nazipenda," Baba akajibu, akaondoka. Njiani aliniambia, "Umemsikia? Anaitamani."

Masika yale Landrova ilianza kukohoa asubuhi na kutoa moshi mweupe, na fundi mwingine wa karibu alikuwa Kahama. Baba aliniamsha mapema nichukue namba, mara yangu ya kwanza. Injini ilikuwa imevaa koti la mafuta na vumbi la miaka. Nilipiga magoti upande wa chini, nikapangusa na kitambaa, nikakuta tarakimu kubwa zimeinuka kwenye chuma, nzuri, zinazosomeka hata kwa kidole. Nikasugua. Zikatoka nyeusi kwenye karatasi nyeupe. Baba akaiweka kwenye kopo la maziwa, na gari likavutwa na ng'ombe hadi kwa Kulwa.

Lilikaa siku sita. Siku ya saba Kulwa alilileta mwenyewe, na tulilisikia kabla hatujaliona, kisha hatukuamini tulichosikia. Lilikuwa linanguruma taratibu, sauti moja, halikohoi. Alifungua boneti. Injini ilikuwa imeoshwa yote, ina rangi ya kijani niliyokuwa sijawahi kuiona.

"Nimesafisha nozeli, nimeweka valvu sawa, nimeiosha," Kulwa alisema. "Ilikuwa haina ugonjwa mkubwa, Mzee. Ilikuwa chafu tu."

Baba alimshukuru vizuri. Kulwa alipofika mbali, Baba aliizima Landrova, akaiwasha. Ikawaka mara moja. Akaizima, akaiwasha. Ikawaka mara moja. Uso wake ulizidi kukunjamana kila ilipowaka.

"Hii si injini yangu," alisema.

"Mtu akikutengenezea vizuri unamwita mwizi?" Mama aliuliza kutoka jikoni.

"Mimi naijua sauti ya injini yangu. Yangu ilikuwa inakohoa. Hii ni ya kuokota, ametia oili nzito ili isilie. Mayu, leta karatasi."

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu nimelikwepa jambo hili maisha yangu yote. Nilipoinama, jambo la kwanza nililoliona lilikuwa sehemu ndogo iliyosawazishwa, karibu na bomba la ekzosi, yenye tarakimu zilizogongwa kwa nyundo kwenye chuma. Zamani ilikuwa imefunikwa na uchafu. Sasa ilikuwa inang'aa. Nikaweka karatasi hapo. Nikiwa nasugua nilikumbuka, au nilihisi kama nakumbuka, kwamba mara ya kwanza nilipiga magoti. Mara hii nilikuwa nimesimama. Lakini Baba aliuliza, "Umepata?" nami nikajibu, "Nimepata."

Namba hazikufanana hata moja. Na hata sura yake ilikuwa nyingine: za kwanza nyeusi, hizi nyeupe ndani ya weusi wa penseli. Kwangu mimi mtoto huo ulikuwa ushahidi juu ya ushahidi. Nilidhani injini tofauti hutoa rangi tofauti, kama maziwa ya ng'ombe tofauti. Moyo ulinidunda kwa furaha. Sikumfikiria Kulwa wala Nyanzobe. Nilifikiria kwamba jicho limeona.

Baba alinichukua tukaenda Rwamgasa kuitafuta injini yake. Ndiyo safari pekee tuliyowahi kusafiri wawili, na tuliisafiri kwa gari lile lile tulilokuwa tunalishitaki. Tulitembea kati ya makarasha, vumbi la mawe limetufanya weupe hadi kope, Baba akisimama kwenye kila mashine, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Injini zilizowahi kuwa za malori na matrekta zilikuwa zimefungwa kwenye magogo, zinasaga. Kwenye karasha la mama mmoja mnene Baba alinishika bega.

"Ndiyo hii. Sikiliza inavyokohoa."

Yule mama alituruhusu tutazame, akicheka. Nilisugua namba. Haikufanana na ya kwanza wala ya pili.

"Wameikwangua wakagonga nyingine," Baba alisema.

"Baba, injini hii niliikuta hapa na marehemu mume wangu," yule mama alisema. "Hata Landrova siyo. Ni ya trekta."

Baba alimtazama kama mtu aliyekariri uongo wake. Tukiwa njiani kurudi aliniambia kwamba wanashirikiana wote.

Wazee wa sungusungu waliitisha mkutano siku ya Jumapili mchana, kwenye uwanja wa shule. Kulwa alisimama, kofia mkononi. Nyanzobe alikuwa amekaa kwenye nyasi na mama yake, anang'oa nyasi moja moja. Baba alinisimamisha mbele na karatasi zangu mbili, na kwa mara ya kwanza watu wazima walininyamazia ili nizungumze. Karatasi zilipita mkono kwa mkono. Watu waliguna.

"Injini ni ya Mzee," Kulwa alisema. "Mimi nimeiosha tu. Naomba twende kwenye gari, mtoto atuoneshe aliposugua mara ya kwanza."

"Imekaa mikononi mwake siku sita," Baba alisema. "Kilichopo sasa ni kile alichotaka tukione."

Mwenyekiti alinigeukia. "Binti, usiogope. Mara ya kwanza na mara ya pili, ulisugua mahali pamoja?"

Nilimtazama Baba. Alikuwa ananitazama kwa uso ule wa kusema jicho halikosei.

"Pale pale," nilisema.

Kulwa alitengwa. Asiyejua kutengwa kwa kwetu anaweza kudhani ni jambo dogo, kwa kuwa hakuna anayepigwa. Hakuna wa kukusalimia. Dukani hawakuuzii chumvi, kisimani wanakusubiri uondoke, na ukifiwa utachimba kaburi peke yako. Nani apeleke gari lake kwa mtu asiyesalimiwa? Jumatatu Nyanzobe alikuja shule, akakaa dawatini, akasogea hadi ukingoni ili tusigusane. Ijumaa hakuja. Walikuwa wamepanda lori na vitu vyao kuelekea Rwamgasa, na kijiji kizima kikasema umeona sasa, amekwenda kuifuata injini.

Nasi tukasubiri injini ya kuokota ife. Baba alisema itakufa kabla ya mavuno, oili nzito ikiisha nguvu. Ikapita mavuno. Akasema itakufa kiangazi. Nilimaliza shule ya msingi, nikaenda sekondari, nikaolewa Shinyanga, na Landrova ndiyo iliyonipeleka ukweni. Haikufa. Baba hakuruhusu fundi mwingine aiguse. Aliirekebisha mwenyewe kwa kupapasa. Jambo moja niliona nikalipuuza: tangu muhula ule aliacha kabisa kutoa maoni kuhusu injini za watu. Magari yalipita, yaliyobadilishwa na yasiyobadilishwa, naye alikaa na mgongo wake kwa barabara, kimya. Mama alidhani ni uzee. Lakini alikuwa na miaka hamsini tu.

Nami nilikua mtu wa mashaka. Nanusa maziwa kabla sijalipa. Fundi wa nguo akiniambia kitambaa kimebaki kidogo, nakipima. Mume wangu huniambia ningeolewa na polisi. Nilidhani nimerithi kwa Baba, nikajivunia.

Mnunuzi wa Mwanza ni kijana anayekusanya magari ya zamani. Alikuwa ameomba nakala ya kadi kwenye kumbukumbu za serikali kabla hajaja, na alipofika alikwenda moja kwa moja kwenye ekzosi na tochi ya simu. Alisoma namba, akatazama nakala, akasoma tena. Kisha akanipa mkono.

"Hongera, mama. Injini ni ile ile ambayo gari lilitoka nayo kiwandani. Siku hizi huzipati. Wote wameshabadilisha."

Nilimuuliza zile tarakimu kubwa za chini ni za nini. Akacheka kidogo. Zile, alisema, zinatoka na chuma chenyewe kinapomiminwa kwenye kalibu. Injini nyingi za aina hiyo zinazo. Si namba ya injini.

Nikaingia ndani, nikakaa kitandani kwa Baba na kopo mapajani. Karatasi ya kwanza, nyeusi juu ya nyeupe. Ya pili, nyeupe ndani ya weusi. Na ya tatu, ile ambayo sikuwahi kuiona, imesuguliwa kwa mkaa, kwa mkono mzito, imechafuka alama za vidole. Tarakimu kubwa, zilizoinuka. Zile zile za karatasi ya kwanza, moja baada ya nyingine. Baba hakuhitaji macho kuzipata. Zinasomeka kwa kidole. Alikuwa amerudi, akapiga magoti pale nilipopiga magoti, akakuta namba yake ipo, haijaenda popote.

Nikaigeuza. Ilikuwa imechanwa kwenye daftari langu la hesabu, zoezi la sehemu. Mwalimu wetu alitufanya tusahihishane na mwenza wa dawati, na msahihishaji aliandika jina lake juu. Jina lilikuwa Shija. Shija ndiye aliyeletwa dawatini kwangu baada ya Nyanzobe kuondoka, na alikaa nami muhula ule tu.

Nimeigeuza karatasi hiyo mara nyingi, nikitafuta njia ya kumtetea. Labda alimtafuta Kulwa akamkosa. Labda alitaka kunikinga mimi, mwongo wake mdogo, nisiaibike mbele ya kijiji. Siamini. Nadhani aliona haya, na haya ikawa kubwa kuliko yeye. Nina hasira naye, na simpati wa kumwambia.

Nilimwomba kijana wa Mwanza asubiri, nikaiwasha Landrova, nikaenda Rwamgasa. Niliuliza fundi wa injini za makarasha anayenawa mikono hadi kwenye viwiko, na mtoto wa kwanza niliyemuuliza alininyooshea kidole. Alikuwa amekaa chini ya bati, mgongo kwa barabara, anakata gasketi. Sikuizima injini. Alinyanyua kichwa bila kugeuka.

"Valvu ya tatu imelegea," alisema. "Nani ameigusa baada yangu?"

"Baba," nilisema. "Shikamoo."

Aligeuka, akaitazama Landrova, kisha mimi. Alikuwa mzee, nywele nyeupe zote. "Marahaba. Mzee yuko wapi?"

"Ametangulia."

"Pole." Akaendelea kunitazama. "Mmekuja kuchukua namba?"

Nilimpa karatasi tatu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kama siku ile uwanjani, ila hapa hakuna aliyeninyamazia. Makarasha yalikuwa yanasaga na ilinibidi nipaze sauti. Alipitisha kidole kwenye ile ya mkaa.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Baba. Alijua muhula ule ule."

"Miaka yote hii nilijiambia hakujua," alisema. "Nilikuwa nimemsamehe kwa sababu hakujua."

"Mimi niliulizwa nikasema pale pale."

"Nilikusikia. Ulikuwa mtoto. Yeye hakuwa mtoto."

Sikuwa na pa kuuweka uso. Nilisema naomba radhi, nikasema tena, na maneno yalikuwa madogo. Nilimuuliza Nyanzobe yuko wapi. Alisema yuko Geita, ana watoto wanne, na kwamba ataniambia namba yake ya simu akishamuuliza yeye kwanza. Kisha, labda kwa sababu injini ilikuwa bado inalia vibaya na fundi hawezi kuvumilia hilo, akasimama na kuchukua spana. Nilikimbilia kufungua boneti.

"Ngoja," alisema. Alimwita mama muuza uji wa jirani, aje asimame pale. Alikuja akipangusa mikono, bila kuuliza, kama mtu aliyezoea kuitwa hivyo. Kulwa akatoa penseli na kipande cha karatasi mfukoni, akanipa.

"Chukua namba kwanza."

"Fundi, mimi sihitaji."

"Mimi ndiye ninayehitaji."

Nikaweka karatasi karibu na ekzosi, nikasugua. Zilitoka nyeupe ndani ya weusi. Nikampa. Alimwonesha mama muuza uji, akanirudishia.

"Na ile ya chini," alisema.

Nikapiga magoti.